Cherehani Kwa Mama Mkaa

Woga wa Fundi ulikaa tumboni. Wengine huishiwa nguvu miguuni, wengine kichwa huwauma, lakini yeye tangu utotoni akiogopa tumbo humkata, na asubuhi ile lilikuwa likimkata kweli kweli. Kabla hakujapambazuka sawasawa, yeye na jirani yake walikuwa wameibeba cherehani ya kukanyaga, miguu yake ya chuma na yote, kutoka chumbani kwake mpaka chumba cha pili, mmoja akisema "taratibu" na mwenzake akijibu, "Taratibu wewe! Mimi ndiye niliyeshika upande mzito."

Jirani huyo aliitwa Mama Mkaa kwa sababu ya biashara yake. Mtu wa maneno mengi, mikono myeusi mpaka viwikoni, na ukimwomba jambo hakupigi chenga. Aliiweka cherehani kwenye kona, akaifunika shuka, kisha akafuta jasho.

Sasa mtu atauliza, cherehani ina kosa gani hata ifichwe kama mali ya wizi? Jamani, ni ile serikali na mageuzi yake ya uchumi. Iliondoa ruzuku ya unga, ya mafuta na ya umeme kwa mpigo mmoja, watu wakabaki wameshika vichwa. Wakubwa wakatokea kwenye televisheni wakasema tuvumilie, nchi inajengwa upya, na kaya zisizojiweza zitashikwa mkono. Na kweli zilishikwa, tusiseme uongo. Fundi, mjane mwenye mtoto mmoja wa shule na mama mkwe mgonjwa, alipata msaada wa kila mwezi pamoja na kadi ya matibabu. Kisha ikatangazwa kwamba wakaguzi watapita nyumba kwa nyumba, kuona nani anastahili kubaki na nani aondolewe.

Habari ikafika bombani, na ikifika bombani basi imekwisha kuiva. Mwenye friji, kwisha habari yake. Mwenye televisheni, hivyo hivyo. "Na mwenye cherehani?" Fundi aliuliza, ndoo ikiwa mkononi. Wakamcheka. "Wewe una kiwanda, mama! Wewe ndiye wa kwanza kufutwa!"

Wao walicheka, yeye damu ilimkauka. Msaada wenyewe ungekatika angejibana, angeshona sare za watoto wa watu mpaka macho yamtoke. Lakini kadi! Mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa sukari, anaishi kwa sindano, na bei ya dawa dukani ilikuwa si ya watu kama wao. Kadi ilishawahi kugoma mara moja, mwanzoni kabisa, na kabla haijafunguliwa yule bibi alianza kuhema ovyo na kuzungumza na mumewe aliyekwisha kufa zamani. Walimkimbiza hospitali amelegea. Fundi hakuwa na hamu ya kuyaona tena yale macho. Mumewe alipofariki watu walidhani mkwe na mke wa marehemu kila mmoja atashika njia yake, kumbe wapi. Walibaki pamoja, wakigombana asubuhi na kupatana kabla ya jioni.

Kwa hiyo akamfundisha bibi la kusema. "Mama, wakikuuliza, mimi sina kazi yoyote. Nabangaiza tu."

"Na hizo nyuzi zilizojaa kwenye nguo zako?" bibi akauliza.

Fundi akajikung'uta.

Hesabu yao ilikuwa kwamba mkaguzi angeanzia upande wa bombani, aingie kwa Fundi kwanza, azunguke ua mzima, na kwa Mama Mkaa afike mwisho kabisa, cherehani ikiwa imekwisha kurudi kwa mwenyewe. Loo! Mkaguzi akatokea upande wa pili. Fundi alisikia "hodi" ikipigwa si kwake bali chumba cha pili. Akatoka mbio, akasimama mlangoni kwa jirani akijifanya kapita tu.

Mkaguzi alikuwa binti mdogo, mwenye viatu vilivyojaa vumbi na tableti mkononi. Alikwisha kuifunua shuka.

"Hii ya nani, mama?"

Mama Mkaa alimwona Fundi pale mlangoni, uso umempauka.

"Yangu."

"Unashona?"

"Nashona sana."

"Unashona nini?"

"Nguo."

"Nguo gani?"

"Za kuvaa," Mama Mkaa akasema, na siku nyingine Fundi angeanguka kwa kicheko. Chini ya sindano kulikuwa na shati jeupe la shule lililoachwa katikati, na macho ya mkaguzi yalitoka kwenye shati yakaenda kwenye ile mikono ya mkaa.

"Hebu nishonee kidogo nione."

Angesema hawezi yangeisha. Lakini Mama Mkaa si wa kukubali kushindwa mbele ya mgeni. Akaketi, akalisukuma gurudumu kinyumenyume, uzi ukajisokota. Akalivuta tena, akakanyaga kwa nguvu zote kama anayezima moto, kidole kikiwa palepale kisipotakiwa.

Ukelele wake ulisikika mpaka barabarani.

"Toa mguu! Usivute!" Fundi alikuwa ameshafika. Hakukumbuka kuvuka chumba. Akashika gurudumu, akalizungusha polepole kwa mkono mpaka sindano ikapanda na kukiachia kidole, akakifunga kwa kipande cha kitambaa alichokitoa kwenye droo ya cherehani bila hata kuitazama. Alipoinua uso, mkaguzi alikuwa anamwangalia yeye.

"Ni ya kwangu," Fundi akasema. Hakusubiri kuulizwa. "Huyu usimwandike. Hajui hata kutunga uzi. Nimemletea leo nimfichie... anifichie." Maneno yalikuwa yanamchanganyikia mdomoni.

Mkaguzi akashusha pumzi. "Mama, cherehani haimwondoi mtu. Nani kawaambia? Anayeondolewa ni anayetoa habari za uongo. Hilo ndilo nililoagizwa, na silo nililolitunga mimi." Akaifuta tableti vumbi kwa kiganja. "Haya, twende kwako. Na huko nataka ukweli mtupu."

Ni mlango wa pili tu, lakini Fundi aliuona mbali. Yaani kumbe! Kitu kisicho na kosa, yeye mwenyewe ndiye aliyekibebea kosa, akalivusha mpaka kwa jirani. Alitamani kulia, machozi nayo yakagoma.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani wima, kajifunga kanga yake nzuri. Ukuta kati ya vyumba vile ni wa mbao. Mtu akikohoa huku, kule wanampa pole. Alikuwa amesikia yote.

"Karibu, mjukuu wangu," akamwambia mkaguzi. "Mimi mgeni hapa, nimekuja kutembea tu. Wenyewe ni wawili, huyu na mwanawe. Kama kuna wa kuondolewa, ni mimi nisiyehusika, hao waacheni."

"Umekuja lini, bibi?"

"Juzi."

Alisema bila kupepesa macho. Nyuma yake, kwenye bakuli la maji, chupa ya dawa yake ya sindano ilikuwa inapoozwa. Mkaguzi akaitazama, akamgeukia Fundi.

"Mama, nimeshadanganywa mara moja asubuhi hii. Nikijaza hapa siwezi kurudi nyuma. Humu mnaishi wangapi?"

Hapo ndipo Fundi alipoelewa. Mkwewe alikuwa anajitoa. Atoke kwenye kaya na kuipoteza kadi yake, ili serikali ikishapata wa kumkata iwaache wanaobaki. Na hakuwa mtu asiyejua sindano ikikosekana mwisho wake nini. Alikwisha kufika huko akarudi. Fundi akimkanusha sasa, utakuwa uongo wa pili kutoka nyumba moja, na pengine wafutwe wote. Akinyamaza, labda yeye na mtoto wapite. Mungu amsamehe, alinyamaza kidogo. Bibi akamtazama, akamwitikia kwa kichwa taratibu, kama unavyomtia moyo mtoto anayeogopa kuruka mfereji. Hapo hofu ikamshika Fundi kuliko zote za siku ile.

"Watatu," akasema. "Huyu ni mama yangu. Andika watatu."

"Nimesema mimi mgeni!" bibi akafoka.

"Nyamaza, Mama!" Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mkwewe anyamaze. "Andika, binti yangu. Mkitunyima, tunyimeni sote."

Mkaguzi akaivuta tableti karibu. Akainama, akaandika. Akasema majibu yatakuja kwa simu, hakusema lini wala yatakuwaje, akaaga.

Bibi akaangua kilio cha hasira. "Utamuua mtoto kwa njaa kwa ajili ya mzee kama mimi! Una akili kweli wewe?"

Fundi akaiweka simu kitandani, mahali wote wawili watakapoiona. Akaketi kando ya bibi, akamshika mkono.