Mzani Uliosoma Hasi

Shule niliachia darasa la nne, Butiama huko, na leo Musoma hakuna muuza sangara asiyenijua. Kwa hiyo shahada ya mtu hainitishi. Kijana niliyempa kazi ya kutengeneza mzani wa umeme alikuwa nayo, ameitundika sebuleni kwake Nyakato kama picha ya harusi.

"Nimeandika kwa C, bosi. Lugha ya wakubwa."

Programu aliijaribu kwenye kompyuta yake, akaihamishia kwenye kadi ndogo ya umeme ndani ya mzani, akapima mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano. Ikakubali. Akavimba kichwa.

Asubuhi mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mama mmoja anayeniuzia siku zote akaweka beseni lake la sangara. Kioo kikaandika kilo hasi thelathini na mbili.

"Baba, kwa hiyo samaki zangu zimepunguza mzani?"

"Labda bado wanaogelea!" mvuvi akadakia.

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alinyanyua beseni, macho kwa mnunuzi wa pili, yule anayewamezea mate wauzaji wangu. Wauzaji wenzake wakaanza kujitwisha mabeseni yao.

Nikawaomba wanisubiri kidogo, nikamvuta msomi wangu. "Mura, eleza, kijana wangu."

Akaeleza. Eti C haipangi int, chombo cha kutunzia namba, kiwe kikubwa kiasi gani. Inasema tu kisipungue baiti mbili. Mengine yataamuliwa na mashine na kompaila, ile inayoigeuza C kuwa lugha ya mashine. Kwenye kompyuta yake kilikuwa baiti nne. Kwenye kadi ya mzani kilikuwa baiti mbili tu, mwisho wake elfu thelathini na mbili na ushee. Na yeye alihesabu kwa gramu! Beseni la kilo thelathini na tatu likafurika, namba ikageuka hasi.

"Ulikuwaga unajua?"

"Tulisomaga mwaka wa kwanza. Nikaona int ni int."

Int ni int! Bunda nilinunua dagaa kwa debe, na hata mlevi wa kule aliuliza kwanza ni debe la nani, maana mengine yalibondwa kitako yabebe kidogo. Huyu kalipiwa ada asiulize.

Akakaa juu ya kreti, akaandika aina ya namba yenye biti thelathini na mbili kamili, yaani baiti nne, popote itakapopelekwa. Alipomaliza nikavua viatu, nikapanda mzani mwenyewe, mwalo mzima ukitazama. Kilo mia na kumi na mbili.

Mama akanikagua tumbo, akakagua kioo.

"Hapo haujadanganya," akasema, akashusha beseni mzanini.