Siku Tuliyokula Pilau Kabla ya Ndoa

Mwaka wa korona, komini, yaani serikali yetu ya hapa, ilituletea ndoo. Watu wa mbali wakitaja ugonjwa ule hukumbuka barabara tupu na milango iliyofungwa, lakini sisi Rumonge soko lilijaa kama siku zote, mitumbwi ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, iliingia asubuhi na kelele zake, na mimi niliuza mawese yangu palepale ninapouza hadi leo. Kilichobadilika ni zile ndoo. Zilikuwa za buluu, na bomba dogo chini, zimewekwa juu ya viti kila palipo na mlango: sokoni, bandarini, kanisani, msikitini, hata kwenye baa. Mtu wa komini alipita na kipaza sauti nyuma ya pikipiki, akisema Kirundi kwanza, kisha Kiswahili: naweni mikono, msipeane mikono, msikumbatiane. Sabuni za kwanza ziliibiwa. Komini ikaleta nyingine, ikazifunga kwa kamba ya nyavu, zikaibiwa pamoja na kamba. Mwishowe wakamkalisha pale mama mmoja wa soko mwenye mdomo mkali, ashike sabuni mwenyewe, na wizi ukaisha.

Kunawa hakukutushinda. Muuza mawese hunawa kutwa. Kilichotushinda ni salamu. Hapa kwetu ukimwambia mtu amahoro bila kumpa mkono, anarudi nyumbani akijiuliza amekukosea nini. Basi tukawa tunagonganisha viwiko, wengine viatu, na jirani yangu muuza samaki akawa ananyoosha mkia wa sangala, unaushika, anauliza habari za watoto. Nilicheka miezi ile kuliko miaka yote ya ujane wangu. Haki ya Mungu, nasema kweli.

Nyumbani lakini sikuwa mtu wa kucheka. Nilikuwa naishi na binti yangu wa pekee na babu yake, yaani baba mkwe wangu, fundi mitumbwi wa zamani ambaye kifua chake kilikuwa kimechakaa. Kila mvua zikianza anakohoa mpaka ukuta unasikia. Mume wangu alipofariki, ndugu walinishauri nirudi kwetu, mzee akasema mimi ni mtoto wake na watoto hawarudishwi. Kwa hiyo komini iliposema wazee walindwe, mimi nilisikia kuliko mtu yeyote mtaani. Niliweka ndoo yangu mwenyewe mlangoni. Nikaweka benchi mbele ya baraza, wageni wanakaa ng'ambo ya benchi, mzee upande wake. Sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake. Hata mjukuu wake nilimkataza kumpa mkono.

Mzee alinung'unika. Aliwaambia wapita njia kwamba mkwewe amemfanya mgonjwa kabla hajaugua. Mimi nikamjibu kwamba afadhali anune akiwa hai. Tulikuwa tunagombana hivyo kila asubuhi, na chai inapoa.

Katikati ya mambo hayo binti yangu akachumbiwa. Kijana ni fundi wa friji kutoka Buyenzi, kule Bujumbura, Mwislamu kama sisi, mpole mpaka anaudhi. Tulimpenda wote. Nilikwenda kwa shefu wa mtaa kumjulisha, maana komini ilitaka kila mkusanyiko ujulikane. Shefu ni mtu mnene, mcheshi, lakini mwaka ule alikuwa amevaa cheo chake kikamilifu. Akanipa ruhusa na masharti: harusi iwe ndogo, ndoo iwe mlangoni, asiyenawa asiingie, watu wakishakula waende makwao. Na mikono, akasema, hakuna kupeana. Nikamshukuru, nikasema murakoze, nikaondoka nimefurahi. Sikufikiria lile jambo moja.

Mzee ndiye aliyelifikiria. Kwetu ndoa ikifungwa, walii wa binti anakaa uso kwa uso na bwana harusi, anaushika mkono wake wa kulia, na maneno yote yanasemwa mikono imeshikana. Baba wa binti yangu hayupo, basi walii ni babu yake. Nilipomweleza masharti ya shefu, akaniambia polepole:

"Mimi sitoi mtoto kwa mdomo mutupu."

Tulimleta shehe. Shehe akasema mkono ni desturi tu, si nguzo ya ndoa, maneno yanatosha, na kama mzee anaona uzito anaweza kumpa mtu mwingine idhini aoze badala yake. Mzee akamshukuru shehe, akamkaribisha chai, na akakataa kila kitu. Hampi mtu idhini. Hasemi maneno bila mkono. Tukitaka, tungoje ugonjwa uishe. Na huo ugonjwa utaisha lini, ni nani kati yetu aliyejua?

Binti yangu alilia jikoni. Mimi nilikaa kati ya watu wawili ninaowapenda na sikujua nimvute nani. Nikiangalia machozi ya mtoto, nataka mzee ashike huo mkono hata sasa hivi. Nikisikia kile kifua usiku, nataka bwana harusi akae ng'ambo ya barabara. Siku ya harusi ilifika hivyohivyo, mchele umeoshwa, mbuzi amechinjwa, na mzee hajabadilisha neno. Nilijiambia labda akimwona binti amevaa, moyo wake utalainika.

Asubuhi shefu alileta ndoo ya komini mwenyewe, kubwa kuliko yangu, akasimama nayo mlangoni na sabuni mpya. Lazima nimpe haki yake: alifanya kazi. Kila aliyeingia alinawishwa. Shefu mwenyewe alifungua bomba, mwenyewe akashikilia taulo, akisema "karibuni, karibuni" kwa adabu zote. Nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikaingia chumbani kumvalisha bibi harusi.

Sasa hapo ndipo palipotokea kosa, na mpaka leo sijui nimlaumu nani. Bwana harusi na watu wake walikuwa wamechelewa, kwa sababu ziwa mwaka ule lilipanda na pale karibu na Minago maji yalikuwa yamekalia barabara. Wageni wetu wakakaa kwenye mikeka wakisubiri. Lakini wamekaa na mikono iliyonawishwa. Kwetu sisi, mgeni akiletewa maji ya mikono, akashikiwa na taulo, maana yake ni moja: chakula kinakuja. Na ukishanawa hugusi kitu, unakaa viganja vyako vinatazama juu, unangoja sinia. Basi wakakaa wote hivyo, baraza zima, wanaume kwa wanawake, wametulia, viganja juu ya magoti.

Shangazi yake binti yangu, aliyekuwa mkuu wa jiko, akachungulia. Akaona watu wamenawa na hawajaletewa kitu. Mwanamke yule hajawahi kuaibika kwa wageni katika maisha yake, akaona leo ataaibika. Hakuuliza bwana harusi yuko wapi. Akasema tu, "Watu wamenawa, nyinyi mnangoja nini?" na masinia ya pilau yakatoka.

Mimi nilisikia kimya. Harusi yenye kelele ikinyamaza ghafla, mwanamke wa Kiswahili anajua ni nini: watu wanakula. Nikatoka na pini za nywele mdomoni. Nikakuta pilau limefika nusu. Nikakuta, Mola wangu, baba mkwe wangu hayuko upande wake wa benchi. Amekaa mkekani, kwenye sinia kubwa, na kando yake, amekunja mikono ya shati, ni shefu wa mtaa. Mzee kama mwenyeji alikuwa anachambua nyama kwa vidole vyake na kumsukumia shefu mbele yake vipande vizuri, na shefu alikuwa anavipokea, anavila, anasukuma na yeye wali upande wa mzee.

Niliwaka. Nilisema maneno mengi na pini zangu mdomoni, hakuna aliyeelewa hata moja. Shangazi akanitazama kutoka mlango wa jiko na mwiko wake, akiwa na hakika kabisa kwamba ameokoa heshima ya ukoo.

Na ndipo pikipiki zikaingia. Bwana harusi alishuka amekunja suruali mpaka magotini, viatu mkononi, kanzu ameifunga kichwani ndani ya mfuko isilowe. Watu wake nyuma hivyohivyo, matope mpaka kwenye mapaja. Wakasimama mlangoni, wakatutazama tukilamba vidole. Kijana akauliza kwa upole wake ule kama wamekosea siku. Mtu mmoja akamjibu kwamba harusi imekwisha na ilikuwa nzuri sana. Baraza lote likapasuka kwa kicheko, mpaka binti yangu nikamsikia anacheka ndani, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu shehe alipoondoka na idhini yake mfukoni.

Shefu hakucheka. Alikuwa amekumbuka masharti yake: watu wakishakula waende makwao. Alisimama, akajifuta mdomo, akatazama watu, akatazama ndoo. Nilimwona anatafuta namna ya kusema. Akasema basi, kwa kuwa chakula kimeliwa, ndoa isomwe haraka, kila mtu mahali pake, maneno tu, mikono hapana, na watu watawanyike. Shehe akasogea. Bwana harusi akavaa kanzu yake juu ya matope. Na mzee hakuinuka.

Nilijua akikataa sasa mbele ya watu, kijana atarudi Bujumbura kupitia maji yaleyale bila mke, na sitakuwa na uso wa kumwita tena. Mzee alimwangalia shefu, hana hasira, akamwambia:

"Shefu, mukono wangu umekula nao kwenye sinia moja. Nyama umepokea kutoka vidole hivi. Sasa huyu mutoto, mimi namupa damu yangu, yeye ndiye atauogopa mukono wangu?"

Hakuna aliyecheka. Shefu akatazama vidole vyake. Ni mtu mwema, na alikuwa ameshikwa na vidole vyake mwenyewe vina mafuta. Akasema yeye si wa kuamua peke yake, yuko mwenye nyumba ambaye amelinda huyu mzee kuliko hata komini. Akanigeukia. Wote wakanigeukia, na mzee naye.

"Mwanangu," akasema mzee, "wewe unasemaje?"

Hajawahi kuniomba ruhusa ya kitu. Benchi niliweka bila kumuuliza, sahani nilitenga bila kumuuliza. Nilitaka kusema hapana, niwe salama. Nikamtazama alivyokaa, magoti yamepanda juu, kofia imepinda, mzee mdogo kuliko nilivyomzoea, na nikaogopa kitu kingine kabisa: kwamba nitamtunza vizuri mpaka afe bila mtu kumgusa.

Nikatema pini. Nikasema wataoana nje uani, penye upepo wa ziwa, si barazani. Nikasema watanawa tena, wote wawili, mbele yangu. Na shehe asirefushe.

Basi ndoo ya komini ikabebwa uani. Mimi nikamwagia mzee maji, akajisugua kwa utii ambao sijapata kuuona. Bwana harusi mimi siwezi kumgusa, ni mkwe wangu, heshima ipo. Shefu akamchukua yeye. Akamsugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kati ya vidole, chini ya kucha, akamsuuza, akamsugua tena, watu wanamhesabia na kumpigia vigelegele, na kijana wa watu amesimama ananyoosha mikono kama mtoto wa chekechea. Shefu aliporidhika alimshika begani akamkalisha mwenyewe mbele ya mzee, akasahau kabisa kwamba kushika bega nako kumekatazwa.

Wakashikana mikono. Shehe akaanza, mzee akafuata, na sauti yake haikukwaruza. Akamtaja binti wa mwanawe, akataja mahari, akasema nimekuoza. Kijana akasema nimekubali. Vigelegele vikapanda, shangazi akapiga mwiko kwenye sufuria, watu wakaanza kuinuka ili watawanyike kama walivyoahidi.

Wao wawili hawakuinuka. Mzee alikuwa bado ameushika mkono. Shehe akamwambia kwa upole kwamba imekwisha, mzee, imekubaliwa, unaweza kuachia.

"Ngoja kidogo," akasema mzee. "Sijashika mukono wa mutu tangu mvua zianze."

Nilikuwa nimesimama karibu na ndoo. Nililia, sikujificha. Watu waliokuwa wanaondoka walisimama walipokuwa, na shefu akashika taulo yake akatazama ziwani. Mkwe wangu hakuvuta mkono. Alileta na wa kushoto, akaufunika ule wa mzee, wakakaa hivyo.