Njiti Ndani ya Riwaya

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. La, nasema uongo, ni sabini na mbili, maana maktaba ilikwisha kupakwa rangi, nami nilikuwa mezani nikigonga mihuri ya tarehe. Mfagiaji wetu tulimwita Mama Usafi. Vidole vyake vilikunjamana kwa maji ya sabuni, na kabla ya kushika kitabu alivipangusa kwenye gauni mara tatu. Alisoma akiwa amesimama, ufagio kwapani, midomo ikicheza, na pale alipoishia kusoma aliweka alama kwa njiti ya ufagio. Siku moja bibi mmoja mwanachama alirudisha riwaya ya kale, mojawapo ya zile za majumba makubwa na mabinti wa kuposwa, akaichomoa njiti kwa ncha za kucha. “Vitabu vyenu siku hizi vinasomwa na nani?” Mkuu wetu akamwita Mama Usafi mbele ya watu, akamkataza kugusa kitabu bila kitambaa cha vumbi. “Sawa, mzee,” akajibu, akaichukua njiti yake. Alipopita mezani kwangu akaninong'oneza, “Kaka, yule mtumishi anayewafungulia wageni mlango, kitabu kizima, mbona hana jina?” Nikacheka, Mungu anisamehe. Tangu hapo alifuta migongo ya vitabu tu, polepole, kama anayebembeleza watoto wa watu, mpaka alipoacha kuja. Nikaenda kwa mkuu, nikauliza na ofisi nzima ikisikia: “Samahani, mzee, yule mama hasa aliitwa nani?”