Nimesikia Si Jibu

Kwa kaka yangu mtu haambiwi hapana. Yeye ni mwalimu mkuu mstaafu, na akikataa jambo hunyoosha mkono kwenye redio akaongeza sauti. Wifi yangu alishazoea. Akiwa na la kusema husubiri taarifa ya habari iishe, ajaribu bahati yake kabla ya matangazo ya michezo. Sisi wengine tulijifunza kunyamaza. Aliyegoma kujifunza ni mmoja tu, binti yao wa pili, ambaye tangu ana miaka tisa tunamwita Dakika. Ndiye aliyekuwa akituamsha, akituhesabia muda wa kuoga, kisha akisimama mlangoni kukagua kama kila mtu ameshika alichotakiwa kushika. Alikuwa kero ya nyumba nzima, na hakuna aliyewahi kusahau mwavuli.

Mimi ni shangazi yake. Nashona mapazia, mwaka wa ishirini na saba sasa, na sitajitoa lawamani: kama mtoto aliharibika, nilimharibu mimi. Likizo alikuwa akija kwangu jijini, na siku moja nikaenda naye Ukumbi Mkubwa wa maonyesho kutundika pazia jipya. Mtoto mwingine angetumbulia macho viti vya mahameli. Yeye alipenya nyuma, akamkuta mtu ameketi kwenye kiti kirefu, daftari nene mbele yake, akinong'ona, "Taa, sasa." Na taa zikawaka.

"Huyo anaigiza nini, Shangazi?"

"Haigizi. Ni msimamizi wa jukwaa. Lakini wanaoigiza hawatoki mpaka yeye aseme."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akijinong'onea, "Taa, sasa."

Alipomaliza chuo akakaa miaka mitatu akisimamia michezo ya kikundi cha mtaani kwao, katika ukumbi wa shule wenye taa nne, mbili zikiwa mbovu. Mji ule ulikuwa mdogo, hauna kazi ya namna ile. Jumapili moja mchana, nami nipo, akaweka kijiko chini akasema, "Baba, nataka kuondoka. Nachagua mji wa kuanzia kazi ya usimamizi wa jukwaa."

Redio ikapaa.

Siku tatu ilikuwa hivyo. Ya nne kaka akatoa hukumu, akiitoa kwangu kana kwamba binti mwenyewe hayupo. Kama ni lazima, basi aende jijini, Ukumbi Mkubwa, mahali penye barua zenye nembo na shangazi wa kumwangalia. Wakimkataa huko, arudi akalie kiti cha karani katika shule ile ile aliyoiongoza yeye. Nafasi ilikuwa wazi, alishaongea na watu. "Mwambie hakuna mji wa tatu," akamalizia, ingawa hakuna aliyekuwa ametaja hata wa pili.

Wa pili ulikuwepo. Dakika alikuwa na barua mkobani kutoka mji wa viwanda, mwendo wa saa nne kwa gari moshi, ikimwita kwenye kikundi kinachocheza ndani ya bohari la zamani la nafaka. Aliponionyesha nilicheka. Walikuwa hawana hata pazia! Nikamwuliza ni maonyesho gani hayo, watu wanabadilisha viti vya jukwaani huku wanatazamwa. Nilijisikia nimetukanwa mimi na cherehani yangu.

Nikamsemea kwa meneja wa Ukumbi Mkubwa, tunayejuana kwa sababu ya mapazia. Akapewa mwezi mmoja wa majaribio.

Siku ya kwanza alipita vyumba vya kuvalia akigonga kila mlango. "Nusu saa!" Kimya. Akarudi. "Robo saa!" Kimya. Kwenye kikundi chake cha mtaani walikuwa na desturi moja ambayo hawakuivunja hata siku moja: msimamizi akitangaza muda, kila mtu anaurudia kwa sauti. "Asante, nusu saa." Ndivyo anavyojua neno limefika. Pale jijini walimtazama kupitia vioo vyao kama wanavyomtazama nzi. Aliyezidi ni mwigizaji mkuu, tuliyekuwa tukimwita Nguli. Mtu wa kifua mbele, akiingia chumbani hata feni ilikuwa inapunguza mwendo.

"Wanazo kazi nyingi," nilimtetea. "Wanakusikia."

"Nitajuaje, Shangazi?"

Nikamwambia ale.

Wiki ya tatu, saa mbili kabla ya onyesho la wanafunzi la alasiri, bawaba ya mlango wa jukwaani ilikatika. Fundi seremala akaupigilia misumari usifunguke, ikakubaliwa waigizaji watokee kushoto, pembeni mwa kabati. Dakika akapita kumwambia kila mmoja. Nilikuwa chumbani kwa Nguli napiga pindo la joho lake, kwa hiyo sisimuliwi, niliona. Alikuwa anapakwa poda, macho kafumba. Dakika akamwambia mlango umepigiliwa, tokea kushoto. Akarudia mara ya pili, neno kwa neno. Nguli akainua kidole kimoja. Dakika akasimama kidogo, akaitwa kwingine, akaenda.

Sehemu ya pili ya mchezo, Nguli alikuwa mume mwenye hasira. Akafoka, akauendea mlango, akavuta. Akavuta tena. Mara ya tatu ukuta mzima wa mbao uliinama, picha ikaanguka, chungu cha maua kikafuata, na wanafunzi mia tatu wakapiga makofi wakisimama. Walivunjika mbavu. Kuna mmoja alipiga kelele, "Pitia dirishani, mzee!"

Tukaitwa ofisini kwa meneja, mimi nikiwa na pini bado mdomoni.

"Huyu mtoto hakuniambia kitu," alisema Nguli.

"Nilikuambia mara mbili," alisema Dakika.

Meneja akasugua paji la uso. "Dada, hapa wakubwa wanaheshimiwa. Omba msamaha tuendelee."

"Nitaomba kwa kosa langu. Nilitoka pale mlangoni bila jibu, na hilo sitalirudia maisha yangu yote. Lakini kusema sikumwambia, hapana. Shangazi alikuwepo."

Wote watatu wakanigeukia. Ningetoa pini na kusema. Nilikuwa na mapazia ya ghorofa ya pili hayajapimwa, nikawa nawaza mapazia. Nikatazama sakafu. Naandika hivi kwa aibu, na kila nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Dakika hakunitazama mara mbili. Meneja, ambaye si mtu mbaya, ni mtu wa kupenda mambo yapite, akampa njia. Abaki, akae mapokezi mwaka mmoja akipokea simu, ajifunze adabu, kisha watatazama. Ukumbi ule ule, nembo ile ile. Baba yake angeridhika, na kiti cha karani kingepata mtu mwingine.

"Asante," Dakika akasema. "Mimi simu sikuijia." Akaweka funguo za vyumba mezani, moja moja, akizitaja kila moja ni ya wapi.

Jumamosi asubuhi tukapanda gari moshi kwenda mji wa viwanda. Nilijialika mwenyewe. Njiani nilimwambia nisamehe, akasema, "Nimekusamehe, Shangazi, lakini nimekasirika bado," akanipa nusu ya mkate wake. Nilikula shingo upande.

Bohari lenyewe lilikuwa na bati juu na mabenchi chini, na harufu ya mahindi haikuwa imetoka. Nyuma ya jukwaa palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa karatasi ya kaki, na juu ya karatasi kila kifaa kimechorewa mzunguko wake: hapa kikombe, hapa fimbo, hapa barua ya sehemu ya tatu. Kikikosekana kitu unaona shimo mara moja. Dakika aliinamia meza ile kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Mwongozaji wa kikundi alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza cheti. "Tuna zoezi sasa hivi," akasema. "Tangaza muda."

Dakika akatazama saa yake. "Dakika kumi na tano!"

Sauti zikarudi kutoka kila pembe, chooni, stoo, nyuma ya mapipa: "Asante, kumi na tano!" Yule mama hakusogea. "Bado mmoja," akasema. "Hatuanzi."

Dakika akazungusha macho mpaka juu ya ngazi, kwa fundi taa. "Wewe wa juu. Dakika kumi na tano."

"Asante, kumi na tano! Nilikuwa na skrubu mdomoni."

Nikamwona mtoto anajifuta macho kwa mkono wa blauzi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Mtu mzima mwenzangu, mwenye mdomo umejaa, alikuwa amepata njia ya kujibu.

Mchana ule ule akampigia baba yake. "Baba, nimechagua mji. Si jijini." Tukasikia redio ikipanda hadi kwenye simu. Akapandisha sauti yake juu ya ile ya mtangazaji: "Naisikia, Baba, nitasema juu yake! Kiti cha karani mpe mwingine! Hapa ndipo ninapoanzia!" Nami nikamnyang'anya simu nikamwambia kaka yangu azime hilo dude. Katika miaka hamsini na minne sijawahi kumwambia hivyo. Simu ikakatwa.

Miezi minane kaka hakutamka jina la mji ule. Wifi ndiye aliyemleta, sijui alitumia ujanja gani, siku ya onyesho la saa tisa alasiri. Mabenchi yalikuwa yamejaa wanafunzi, ikabidi mwongozaji atukalishe nyuma ya jukwaa juu ya sanduku la mavazi. Kaka alikaa wima na kofia yake mapajani, akikagua meza ya vifaa kwa jicho la mwalimu, akitafuta kosa. Hakuliona.

Dakika akapita na daftari lake. "Dakika tano!" Wakajibu wote. Wifi akajibu, mimi nikajibu. Akasimama mbele ya baba yake.

"Baba. Dakika tano."

"Nimesikia."

"Nimesikia si jibu, Baba. Humu kila aliye nyuma ya jukwaa anajibu. Bila hivyo hatuanzi."

Kaka akatazama pembeni. Mkono wake ukasogea kutafuta redio ambayo haikuwepo, ukaishia kwenye kofia. Huko mbele wanafunzi wakaanza kupiga miguu sakafuni. Fundi taa akachungulia, waigizaji wakasimama walipo, na Dakika, ambaye hajawahi kumchelewesha mtu hata nukta moja, akabaki amesimama na kalamu yake, anasubiri. Nilijua angesubiri mpaka jioni.

"Asante," kaka akasema hatimaye, kwa shida. "Dakika tano."

Dakika akageuka kwenda zake kabla hata neno halijaisha. Alikuwa na kazi.

Baada ya onyesho, kama ilivyo kanuni yao, akabandika ukutani ripoti ya siku. Kaka akavaa miwani akaenda kuisoma. Sehemu ya ucheleweshaji palikuwa na mstari mmoja: "Tumeanza kwa kuchelewa dakika mbili. Sababu: tulikuwa tunasubiri jibu."

Dakika alikuwa anarudisha kikombe kwenye mzunguko wake. Baba yake akamwita kutoka pale ukutani.

"Zilikuwa mbili kweli?"

"Mbili, Baba."

"Asante," akasema. "Mbili."