Nani Amtungie Mama Uzi

Tangu nikiwa darasa la pili, mimi ndiye niliyemtungia mama uzi kwenye sindano. Macho yake yalianza kufifia mapema, na alinyoosha tu mkono, bila hata kuniita. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilirudi nyumbani Mlalo likizo, nikakuta sindano inanyooshwa upande mwingine, kwa mke wa kaka yangu, binti wa kijiji cha Mtae ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka nyumbani kwetu. Aliniamkia shikamoo kila asubuhi kwa heshima zote, nami nilitamani akosee hata mara moja.

Kila Jumatano mchana walikwenda pamoja kwenye ukumbi wa kanisa kujifunza kudarizi. Misheni ilikuwa imeletewa kutoka Ulaya mzigo wa kitambaa kizito cha sufu kama kile cha kofia za wazee, kwa hiyo akina mama wakakiita kitambaa cha kofia. Nikawafuata.

"Redioni tunaambiwa tujitegemee," nilisema, "na hapa tunadarizi mabaki ya Ulaya. Kujitegemea gani huku?"

"Wifi," akajibu yeye bila kuinua kichwa, "na sketi yako hiyo tuliilima shamba gani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mama alicheka kuliko wote.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: unakata ua, unalishikiza juu ya kipande kikubwa, unalizungushia mshono wa blanketi, na huvuti sana uzi kitambaa kisije kikajikunja. Nilikikwaruza pembeni kwa ukucha, nikaona hakikufumwa, basi hakiwezi kufumuka. Pindo la nini? Nikachungulia kazi ya wifi. Alikuwa amepinda kingo zote mara mbili, nene kama mkeka uliokunjwa.

"Wifi, unapinda nini?" nikauliza kwa sauti ya kufika mlangoni. "Hiki hakifumuki! Au Mtae mnapinda hata mablanketi?"

Hakuna aliyecheka. Mama akaweka kazi yake mezani. Nayo ilikuwa imepindwa mara mbili.

"Mimi ndiye niliyemwambia apinde," alisema. "Kitambaa bila pindo ni kama mwanamke kutoka bila kanga. Wewe nilikufundisha hivyo hivyo."

"Lakini mama, kwa nini, kama hakifumuki?"

"Mwenzako hakuuliza kwa nini. Alipinda."

Uzi wa mama ulikuwa umekwisha. Nikanyoosha mkono nipokee sindano. Ikapita mbele ya kifua changu, ikaenda kwa wifi, naye akailowesha ncha ya uzi mdomoni na kuutunga mara moja.

"Asante, mwanangu."

Mwalimu wa kudarizi alipopita akalisifu ua langu: limelala bapa, halina kosa. Niligeuka kuona kama mama amesikia. Alikuwa ameinama na wifi, wanashindilia kwa vidole pindo la pembe ya mwisho, ambayo ilikataa kulala.