Siku Mjomba Magesa Alipoogeshwa

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu niliyepelekwa likizo kwa Bibi, kisiwani, ng'ambo ya Makoko. Kijiji kilikaa kileleni kwa sababu dhahabu ilikuwa huko. Wazee wa Bibi walikuwa wavuvi. Waliposikia habari zake wakapanda kilima na nyavu begani, na miiko ikazaliwa huko huko. Shimoni hakuna kupiga mluzi. Na mchimbaji aliyeona dhahabu haogi mpaka mwamba wake wenye dhahabu uishe, maana maji huifukuza.

Mjomba Magesa, mdogo wake mama, alikuwa hajaoga tangu nifike. Mbuzi walimpisha njia.

Saa hiyo ya tisa ikaja habari kutoka ufukweni: mashangazi wa mchumba wake, watu wa Nyamuswa, wameshashuka mtumbwini, wanapanda kuja kumwona mwoaji.

"Oga," Bibi akasema.

"Mama, dhahabu itakimbia."

"Na mke je?"

Wenzake wawili wa shimoni wakasimama mlangoni kumkinga na ndoo. Bibi akawauliza, "Mwiko unamkataza nani kushika maji?"

"Mchimbaji."

"Mimi nachimbaga?"

"Hapana, mama."

"Basi pisheni."

Mjomba akakalishwa juu ya jiwe na bukta yake, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, wenzake waone kwamba hagusi maji. Bibi akamsugua kwa dodoki.

"Mama, mimi nimetahiriwa!"

"Nani kagusa huko? Lete mgongo."

Wenzake wakainama kwa kucheka. Mimi, niliyeshika ndoo, ndiye niliyeona: povu lilimwingia jichoni, mkono mmoja ukashuka, ukafuta, ukarudi juu.

Mashangazi wakatokea hapo hapo. Mkubwa wao akashika kiuno. "Tuliambiwa wachimbaji hawana adabu. Kumbe huyu, na ndevu zake, bado anamtii mama! Binti yetu amepata mume."

Vigelegele vikapigwa. Usiku ule mimi sikulala. Mwamba ukipotea, nitajua ni lile jicho.

Kulipokucha nikamfuata Bibi jikoni. "Bibi, Mjomba alishika maji. Alijifuta."

"Nilimwona," akasema, akikoroga uji. "Lakini dhahabu iko chini shimoni. Itaonea wapi?"

Mwamba ule uliisha baadaye, kama miamba yote. Mke yupo hadi leo. Chuo kikuu nilisoma mengi kuhusu mila, ila sikukuta mahali walipoeleza alichojua Bibi: mwiko ni kama ndugu mkali, unamheshimu, lakini humwambii kila kitu.

Asubuhi ile nikawapelekea wachimbaji uji, mpaka pale karibu na shimo ambapo mwiko uliwakomesha wanawake. Mmoja wa wenzake Mjomba akanikazia macho.

"We mtoto, mbona macho mekundu?"

"Mbu," nikasema, nikammiminia uji.