Diski yenye Karatasi ya Kijani

Wietske Tolsma alikagua tiketi kwenye treni za Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, karibu maisha yake yote ya kazi, na kazi hiyo ilimwachia jicho lisilosinzia. Aliwahi kumteremsha mchungaji wake mwenyewe kwenye kituo cha Deinum kwa kukamatwa na tiketi ya jana, na Jumapili akaenda kumsikiliza akihubiri kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuolewa. Alipostaafu alibaki mjini Franeker na paka wake, na laptop iliyokuwa nzito kuwaka hata akawa anaibonyeza kwanza ndipo aende kuoga.

Folkert, mgane wa dada yake Baukje, alipojitolea kuitengeneza, Wietske alinusa jambo. Shemeji huyo hakuwa amekanyaga kwake tangu wagombanie nyumba ya urithi ya wazazi wa Wietske.

"Unataka nini, Folkert?"

"Sitaki kitu, shemeji. Nina diski mpya, ya kasi, na kadi ya memori iliyobaki kwenye yangu. Mashine yako si mbovu, imechoka tu."

"Bure?"

"Kahawa basi."

Alimkalisha penye mwanga wa dirisha, naye akaketi ubavuni mwake kama askari jela. Folkert alinakili kwanza kila kitu kwenye diski mpya, na Wietske hakubandua macho kwenye kioo, wala hakumruhusu kufungua hata picha moja. Kisha akaizima, akaigeuza tumbo juu, akazitoa skrubu na kuziweka kwenye kisahani, akaubandua mfuniko taratibu. Ndani kulikuwa na vumbi na manyoya ya paka. Akayapuliza. Akapachika memori, akachomoa diski ya zamani, iliyobandikwa karatasi ya kijani, na mahali pake akaweka mpya.

"Hiyo ya zamani haitoki humu ndani," Wietske akasema.

"Ibaki. Nani anaitaka?" Folkert akaifunga kwenye kitambaa. "Kahawa vipi, shemeji?"

Wietske alikwenda jikoni akauacha mlango wazi, lakini maziwa yalianza kufura, ikabidi ayageukie.

Laptop iliwaka kabla hajameza funda la kwanza. Hata hilo lilimtia wasiwasi. Folkert alipoaga tu, akakifungua kile kitambaa. Diski ilikuwamo. Karatasi yake ilikuwa ya buluu.

Wietske alivaa koti, akapanda baiskeli, akaukata upepo. Njiani hakuhitaji kujiuliza mtu yule alitaka nini. Baada ya mazishi, Folkert alikuja kuomba rekodi za Wietske ambazo ndani yake Baukje alisikika akiongea, naye akamjibu kwamba zimefutika. Hazikufutika. Nyumba waligawana, vyombo waligawana, mpaka mashuka. Sauti ile aliitaka iwe yake peke yake.

Mlango wa nyuma wa Folkert haukuwa na desturi ya kufungwa. Alipoushika tu, akamsikia Baukje.

"Sukari hiyo haitoshi, Wietske. Unaoka mkate au unachoma tofali?" Kikafuata kicheko. "Mpe Folkert, yeye atakula. Yule hutafuna kama ng'ombe, hata hajui kilichomo kinywani."

Folkert alikuwa mbele ya kompyuta yake, koti bado liko mwilini. Hakugeuka.

"Ulikuja kwangu na diski nyingine mfukoni," Wietske akasema. "Ulipanga."

"Nilipanga."

"Ungeomba."

"Niliomba, shemeji. Ukaniambia zimefutika."

Wietske alifunga mlango nyuma yake. Akavuta kiti, akaketi mbali naye kidogo. Wakamsikiliza Baukje akikoroga unga, akiimba nusu ubeti, akimfukuza nzi.

"Kweli natafuna kama ng'ombe?" Folkert akauliza.

"Siku zote."

Rekodi ilipokwisha, Wietske alisimama akafunga vifungo vya koti. "Diski yangu nitaifuata kesho. Sitaki unakili chochote."

"Sawa."

"Niangalie ukisema."

"Nimesema sawa, shemeji."

Hakumwamini. Alipotoka alizunguka nyumba, akasimama kando ya dirisha, akachungulia. Folkert alivuta droo, akatoa diski nyingine, akaanza kuhangaika na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Wietske akainua mkono agonge kioo. Akaushusha, akaenda kuchukua baiskeli yake.